Macho ya Kuazima

Presha ya macho haina kishindo. Haimvamii mtu kwa rungu wala kwa radi. Humnyemelea, ikaanza kula pembezoni mwa upeo wake na kusogea katikati taratibu, kama maji ya kupwa yauachavyo ufuo, hata siku mwenye mashua atakapotanabahi kuwa bahari imekwenda, chombo chake huwa kimekwisha kukaa mchangani. Mimi nilitanabahi mwaka 2005, nilipokuwa karani katika ofisi moja ya mjini Tanga, mtu wa miaka arobaini na mitatu aliyejivunia hati yake nzuri, siku mkuu wangu aliponirudishia daftari la hesabu na kunieleza kwa staha kwamba nilikuwa nimeandika safu moja juu ya nyingine. Miaka miwili baadaye nilibaki na uwezo wa kupambanua dirisha lililo wazi na ukuta, basi. Na huo nao haukukawia kuniaga.

Watu hudhani kwamba msiba wa kwanza wa asiyeona ni giza. Giza lina mazoea yake, na mja huzoea. Kilichoniuma kwanza ni barua. Ndugu yangu aliyekuwa akifanya kazi Muscat aliniandikia juu ya deni la shamba letu la minazi, jambo ambalo hata mke wangu sikuwa nimemweleza lote; na kwa kuwa mke wangu alikuwa amekwenda msibani Pangani, nilimwita kijana wa jirani anisomee. Akanisomea vizuri, Mungu amjalie, kwa sauti safi ya mtoto aliyefundishwa kusimama mbele ya darasa, barazani, saa kumi za alasiri, wakati mtaa mzima umekaa nje kupunga upepo. Kabla ya magharibi deni langu lilikuwa limefika sokoni. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri maungo. Siku ile nilijifunza kwamba macho ya kuazima nayo hayasitiri siri.

Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu wa pili, ndiye aliyenitia katika mambo ya kompyuta. Alikuwa na miaka kumi na sita na subira isiyo ya umri wake, na alikuwa amesikia kwamba zipo programu zinazomsomea asiyeona maneno yaliyo kwenye skrini. Alinishika vidole viwili vya shahada akaviweka juu ya kibodi kuukuu ya baba yake, akasema, "Mjomba, papasa hapo." Nikapapasa, nikakuta vipele viwili vidogo, kimoja juu ya herufi F na kingine juu ya J. Kwa miaka mingi ofisini nilikuwa nimezigonga herufi hizo kutwa, na macho yangu mazima hayakuwahi kunijulisha kuwa pana alama pale. Tangu siku hiyo vipele vile vimekuwa kwangu kama kibla kwa msafiri: nikishavipata, najua kila kitu kiko upande gani.

Lakini kila somo lilianza kwa fedheha moja ndogo. Nilibonyeza swichi, feni ikavuma, kisha kimya. Katika kimya kile mashine ilikuwa ikiandika maneno, ikiuliza maswali, pengine ikilalamika, nami sikuwa na habari. Kwani programu ya kusoma ilianza kazi baada ya kompyuta yenyewe kumaliza kuamka, mithili ya mkalimani achelewaye kufika barazani kwa kadhi, ambaye kesi ikianza mapema mshitakiwa hana lugha ya kujitetea. Basi nikawa namwuliza mpwa wangu: "Imesema nini?" Naye hunijibu, "Bado, mjomba." "Na sasa?" "Inataka nywila." Nikimtajia nywila, akaiandika yeye. Neno la siri likawa siri ya watu wawili, na mmoja wao ni mtoto apendaye kucheza mpira na wenziwe uwanjani.

Katika mwaka ule nilipata wasaa wa kuulizia asili ya vyombo hivi, na nikafurahi kusikia kwamba aghalabu vilitengenezwa na watu walioonja. Louis Braille alijichoma jicho kwa msharasi katika karakana ya baba yake, fundi wa matandiko ya farasi katika kijiji cha Coupvray, Ufaransa, akiwa na umri wa miaka mitatu, na uambukizo ukamnyang'anya jicho la pili. Alipokuja kuonyeshwa maandishi ya nukta 12 yaliyobuniwa na Charles Barbier, aliyarekebisha yakawa ya nukta 6, kwa kuwa kidole chake ndicho kilichojua kuwa nukta 12 haziingii chini ya ncha ya kidole kwa mguso mmoja. Ted Henter, Mmarekani aliyekuwa akishindana katika mbio za pikipiki, alipoteza macho katika ajali ya gari mwaka 1978, akajifunza kuandika programu, na mwaka 1989 kampuni yake ikatoa JAWS, kisoma-skrini kilichokuja kuenea duniani, ambacho toleo lake la kawaida liliuzwa kwa miaka mingi kwa takriban dola 900, fedha ambazo karani aliyestaafu kwa maradhi hazioti hata usingizini. Na Michael Curran wa Australia, asiyeona, alianza mwaka 2006 kutengeneza NVDA, akasaidiwa na mwenzake Jamie Teh, naye asiyeona, kwa imani kwamba si haki asiyeona alipe fedha za ziada ili atumie kompyuta ileile aitumiayo mwenzake. Wakaitoa bure, nayo ndiyo niliyoanzia mimi.

Hao wote Mungu awalipe. Hata hivyo walikuwa wamejenga wakalimani, na mkalimani huhitaji mtu wa kumwamsha. Nilitamani mashine ambayo yenyewe, tangu pumzi yake ya kwanza, inajua kuwa mwenyewe haoni.

Mwaka 2009 mpwa wangu alirudi kutoka Dar es Salaam na diski moja ndani ya bahasha. Mlikuwa na Knoppix, mfumo endeshi wa jamii ya Linux uliotengenezwa na Mjerumani Klaus Knopper, wenye sifa ya kufanya kazi kutoka kwenye diski yenyewe bila kugusa chochote kilichohifadhiwa katika kompyuta. Knopper ana mke asiyeona, jina lake Adriane. Na kwa ajili yake, na kwa msaada wake, aliutengenezea mfumo ule njia ya pili ya kuingilia, isiyotegemea picha hata moja, akaipa jina la mkewe. Maagizo yalikuwa mafupi: tia diski, washa, ngoja kidogo, kisha andika adriane, herufi saba, ubonyeze Enter.

Nilimwomba mpwa wangu atoke nje. Sikuwa na sababu ya kumweleza, naye kwa adabu yake hakuiuliza. Nikavitafuta vipele vyangu viwili, nikaandika herufi saba katika giza, nikabonyeza, nikangoja. Na kwa kuwa saa siioni, nilipima muda kwa kusoma Alhamdu. Nilikuwa katika ya tano ndipo sauti iliponena. Ilinena Kijerumani. Babu yangu mzaa baba, aliyekulia Tanga zama za Wajerumani, alijua maneno matatu ya lugha hiyo, yote ya amri; mimi sikujua hata moja, nikabaki kucheka peke yangu kama mtu aliyepigiwa hodi na mgeni wa miaka mia. Sikuelewa neno, ila jambo nililielewa: nimeiwasha mimi, na imenijibu mimi. Kesho yake tuliambiwa namna ya kuongeza agizo dogo la lugha baada ya jina lile, na bibi yule akaanza kusema Kiingereza.

Mfumo wa Adriane ulikuwa orodha tu. Mshale wa chini ulinitajia jambo moja: barua, nikishuka tena, la pili: intaneti, tena, la tatu. Enter ikaniingiza, Escape ikanirudisha nilikotoka. Hapakuwa na madirisha yaliyopandana wala vipicha vya kukisia, kwa sababu aliyeutunga hakuanza na picha kisha akatafuta namna ya kuielezea. Alianza na sikio. Mwenye macho akifungua ukurasa huuona wote kwa mara moja, kama mtu aliye juu ya kilima anayeitazama mitaa ya mji. Asiyeona huupokea kama tasbihi, punje baada ya punje, na punje ya thelathini na tatu haifikii vidole vyake mpaka thelathini na mbili zimepita. Kwa hiyo yule apangaye mambo kwa ajili ya sikio hana budi kujua lipi litangulie na lipi lingoje, ilhali apangaye kwa ajili ya jicho aweza kutawanya vitu kama mnadani, akijua kuwa mteja atakipata akitakacho.

Nilipotoka katika nyumba ile ndogo iliyojengwa kwa kipimo changu na kurudi katika nyumba ya watu wote, nilitambua tofauti. Kila kitu katika skrini, kikiandikwa kwa uangalifu, kina mambo matatu ambayo kisoma-skrini huyatafuta: jina lake, kazi yake na hali yake. Kisoma-skrini kikisema "Hifadhi, kitufe", nimejua nilipo. Kikisema "Nikumbuke, kisanduku, hakijateuliwa", nimejua la kufanya. Lakini mwandishi wa programu akichora picha nzuri ya kitufe na kusahau kukipa jina, nami husikia "kitufe", nikisogea, "kitufe", nikisogea tena, "kitufe", mfano wa mtu aliyeingia chumba cha watu kumi na kila amsalimiaye humjibu, "Mimi ni mtu." Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo. Siku ile programu ilipokuwa ikiandikwa, hapakuwa na mtu kama mimi mezani.

Lugha nayo ilikuwa na mitihani yake. Sauti niliyoanza nayo ilikuwa ya Kiingereza, na ilipokutana na barua za nyumbani ilizisoma kwa sheria za kwao. Shikamoo ikawa "shikamuu". Pole za watu, nilizohitaji sana mwaka ule, zilikatwa irabu ya mwisho zikawa "poul", na dada yangu aishiye Same akawa anaandika kutoka mji uitwao "Seim". Nilijizoeza kuzipindua tena irabu kichwani, kazi ambayo humchosha mtu kama kuvaa viatu vya mguu wa kulia mguuni pa kushoto. Kisha nikaambiwa kwamba eSpeak, mashine ya sauti iliyoanzishwa na Mwingereza Jonathan Duddington na ambayo huja pamoja na NVDA na pamoja na mifumo mingi ya Linux, ilikuwa na Kiswahili ndani yake muda wote. Mimi ndiye sikujua pa kukichagua. Nilipokichagua, sauti ilikuwa ya bati, isiyo na pua wala koo, ambayo wageni wangu husema inawatisha. Mimi huipenda. Hutamka irabu zote, na nikiikimbiza kasi ambayo mwenye macho husikia mvumo wa nyuki, mimi bado nasikia maneno.

Barua ya kwanza niliyoiandika mwenyewe kwa sauti hiyo ilikwenda Muscat. Ilihusu deni lilelile la minazi. Nilivaa vipokea-sauti masikioni, mlango wazi, watu wakipita barazani na kunitolea salamu, na hakuna hata mmoja aliyejua ninaandika nini.

Sikukaa katika raha hiyo bila kutikiswa. Mwaka mmoja baadaye nilikuwa nimehamia katika mfumo mwingine wa Linux, mkubwa na maarufu, unaotumiwa na wenye macho mamilioni, ambao ulikuwa na kisoma-skrini ndani yake na ulinihudumia kwa ihsani. Siku moja ukaniarifu kwamba lipo toleo jipya. Nikakubali, kama akubalivyo kila mtu. Ulipowaka tena, wenyewe walikuwa wameupamba upya mbele, wameng'oa mlango wa zamani na kuweka mpya wa fahari, na katika haraka ile waliisahau sauti. Kwa siku tisa nilirudi kuwa mtu wa kuazima macho. Sikuwaona kuwa wabaya. Niliwaona kuwa watu waliokarabati nyumba na kumsahau babu chumbani, kwa sababu chumba chake hakionekani kutoka barabarani.

Tukio hilo lilinitia katika tafakuri ambayo haijaniacha mpaka leo, nayo ni hii: je, asiyeona ajengewe nyumba yake peke yake, au apewe chumba katika nyumba ya wote? Kwa muda mrefu jibu langu lilikuwa la kwanza, kwa ajili ya furaha ya herufi saba. Lakini miaka imenionyesha udhaifu wake. Kabla ya Adriane palikuwa na Oralux, mfumo wa diski uliotoka Ufaransa kwa juhudi za Gilles Casse, uliosema tangu mwanzo, nao ukakwisha. Baada yake Tony Sales wa Uingereza alianzisha Vinux, iliyojengwa juu ya mifumo ya Debian na Ubuntu, yenye sauti kwa wasioona na herufi zilizokuzwa kwa wenye uoni hafifu. Wengi waliipenda, nayo ikakoma. Nyumba zilizojengwa na watu wachache kwa mapenzi yao huishi kadiri wasaa na afya za watu hao zinavyoishi, na mpenda watu naye ni mja, huchoka.

Kwa upande wa pili iko habari ya Orca. Ilianzishwa katika kampuni ya Sun Microsystems na Marc Mulcahy, naye asiyeona, na mwaka 2006 ikaingizwa katika GNOME, sura ya mbele itumiwayo na mifumo mingi ya Linux. Sun iliponunuliwa mwaka 2010, na watumishi waliokuwa wakiishughulikia kupungua, ilidhaniwa kuwa imefiwa. Lakini Joanmarie Diggs, aliyeanza kwa kujitolea, aliushika usukani wake, na kwa kuwa Orca ilikuwa ndani ya nyumba ya wote, hapakuwa na haja ya kujenga nyumba nyingine, ilitosha mtu wa kukitunza chumba. Vivyo hivyo Speakup ya Kirk Reiser, inayosema kutoka ndani kabisa ya kiini cha Linux kabla madirisha hayajafunguliwa: kwa takriban miaka kumi ilikalishwa katika sehemu ya majaribio, mithili ya mgeni anayekaribishwa barazani akapewa kahawa na kashata lakini haambiwi apite ndani, hata mwaka 2020 ikapitishwa. Na wenye fedha walikuwa wamekwisha kuifuata njia hiyo: Apple ilitia VoiceOver katika kompyuta zake mwaka 2005 na katika iPhone mwaka 2009, na leo simu nyingi ziuzwazo madukani zina sauti ndani yake kabla hazijatoka kwenye boksi.

Basi nimebadili jibu langu, ila si lote. Nyumba ya peke yetu haikupotea bure. Pale ndipo ilipothibitishwa kuwa jambo lawezekana, na kwamba asiyeona aweza kuwa wa kwanza kuigusa mashine. Na lililothibitishwa katika kibanda likadaiwa katika jumba. Sharti langu moja limebaki palepale: sauti iwepo mlangoni. Chumba kizuri ndani ya jumba hakimfai mtu anayepaswa kungoja nje mpaka apite mwenye macho amfungulie. Uhuru unaoanza katikati ya jambo ni hisani ya mtu, na hisani ina siku inapokuwa kazini au uwanjani ikicheza mpira.

Mlango huo ulikuja kufunguliwa nami nikaupata. Debian, mfumo ambao mingine mingi ya Linux imejengwa juu yake, ilitoa toleo lake la 7 mwezi Mei 2013, na waliolitangaza walisema wazi kuwa sasa asiyeona aweza kuliweka mwenyewe kwa sauti, hata akiwa hana kifaa cha Braille. Hutakiwi kuandika jina la mke wa mtu. Unachomeka, unawasha, unasikia mlio mdogo, bip, unaojulisha kuwa orodha iko tayari. Kisha unabonyeza s, na Enter. Zile herufi saba zimekuwa moja, nayo imo katika diski ileile wanayotumia wote.

Mwaka juzi mpwa wangu, ambaye sasa ni baba wa watoto wawili, alikuja jioni na kompyuta yake ya mapajani iliyoanguka kutoka kwenye bodaboda. Skrini ilikuwa nyeusi, na hata kabla ya kuanguka mfumo wake ulikuwa umeharibika. Fundi alimwambia ainunulie skrini mpya kwanza ndipo ijulikane kama ni nzima.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, baba. Iweke hapa."

Nyaraka zake zilikuwa salama kwenye flashi, kwa hiyo hapakuwa na cha kupoteza. Nikachomeka flashi yangu, nikawasha, nikangoja. Bip. Nikabonyeza s, nikabonyeza Enter, na kitambo kidogo ile sauti ya bati ikaanza kusema mle ndani ya kompyuta iliyohukumiwa kufa. Yeye akainama karibu, lakini sikio lisilozoea haliipambanui sauti ile na mvua ya juu ya mabati.

"Imesema nini, mjomba?"

"Bado."

Nikajibu maswali ya lugha, ya nchi, ya jina la mashine. Akasogeza kiti.

"Na sasa?"

"Inataka nywila," nikamwambia. Nikamsogezea kompyuta, nikaugeuza uso wangu upande wa dirishani, ili aiandike mwenyewe.